Kunde za Mama Kwenye Mchanga wa Chumvi

Omani, msimu wa joto

Mdogo wangu Minza,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea, na yangu mpe mama. Barua hii lakini isome peke yako. Habari za hapo Mirongo? Kikohozi cha mtoto kimetulia? Na wewe bado uko kiwandani unakata sangara, minofu ipande ndege nyinyi mbaki na mapanki, vichwa na mifupa? Hilo ndilo soko huria tulilolipigia makofi. Mimi mzima, kama uzima ni kusimama na kula.

Umeniandikia kwamba jicho la kushoto la mama limeshazima na la kulia linafuata, na kwamba anataka kuuona uso wangu kabla nalo halijazima. Nilikuwa nimeipata njia ya kuja. Kaa nikueleze ilivyokufa.

Unajua niliondoka baada ya kiwanda cha pamba kuuzwa na sisi kupunguzwa. Wakala aliniahidi udereva. Nilipofika, bwana mwenye nyumba alichukua pasipoti yangu akaifungia kabatini, akanipa jembe. Ni mzee aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko chetu, ndiyo maana matusi yake yanaingia mpaka kwenye mifupa. Alitaka bustani nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata mbuzi hapiti. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya miezi ya baridi. Akasema nikitoa matango na nyanya za karamu ile, pasipoti nitaipata na nyumbani nitakwenda.

Nikacheka moyoni. Msukuma umwambie alime, umpe na zawadi? Nikainua matuta marefu, kama yale ya viazi ya kule Usagara, nikapanda juu, nikatia maji kwenye mifereji, nikajisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyenisifu. Miche ikachomoza, ikasimama siku chache, ikaungua. Maji ya kisima huku yana chumvi, Minza, na jua linaivuta chumvi mpaka kileleni mwa tuta, palepale nilipopanda. Asubuhi moja nikakuta matuta yote meupe, kama yamemwagiwa majivu. Ufundi aliotuachia baba ndio ulioua miche.

Bwana hakupiga kelele. Alinivua kofia, akanisimamisha kando ya miche ile toka baada ya chai mpaka adhana ya adhuhuri.

"Simama nayo," akasema, "upate kujua inavyoona."

Watoto wake walichungulia dirishani wakila tende. Nilipoanguka wakanimwagia maji yaleyale ya chumvi, wakacheka.

Kilichoniokoa ni birika bovu la kunyweshea mbuzi. Lilikuwa limejaa mchanga na samadi, na ndani yake mnanaa umejiotea, kijani kibichi. Nikaelewa kwamba mboga huku lazima itengwe na ardhi. Nikajenga masanduku ya matofali, kimo cha magoti, nikaacha matundu chini ili maji yatoke na chumvi yake. Nikayajaza mchanga wa bondeni na samadi ya mbuzi, nikafunika udongo kwa majani makavu ya mtende, na juu nikatandaza makuti kupunguza jua. Alfajiri na jioni nilinyweshea maji matamu yanayoletwa na lori. Hayo yalikuwa ya matango. Mimi niliendelea kunywa ya kisimani.

Sanduku la mwisho nilipanda kunde za mama, zile alizonifungia kwenye pindo la kanga stendi ya Buzuruga. Alisema nimrudishie mbegu kwa mkono wangu. Unajua kwetu mbegu ya kupewa huirudisha aliyepewa; ikiletwa na mwingine, yeye harudi. Unakumbuka baba mdogo alipokwenda machimboni na karanga za mama? Siku mkewe alipozileta yeye, mama aliangua kilio kabla hajaambiwa kitu. Basi nilipoona kunde zinatambaa mpaka ukingoni, nikaanza kujiona nimeshashuka Buzuruga.

Siku ya harusi matango yalijaa masinia. Wageni walikuja nyuma ya nyumba kutazama, wanashikashika majani kama wako sokoni, na jirani mmoja akaomba kuniazima. Karamu ilipokwisha nikamfuata bwana barazani. Nikamwambia mama yangu anapofuka, naomba pasipoti kama alivyosema. Alikuwa anatafuna tango langu.

"Ukenda wewe, haya atayatia maji nani?"

Nikasema mtu yeyote ataweza, nitamfundisha.

"Yangekufa tena, ningekurejesha kwenu siku ileile," akasema. "Kosa lako umeyaweza."

Halafu akaniambia binti naye anataka masanduku kama hayo kwa mumewe. Nimeshaanza kuyajenga.

Namchukia, Minza, na chuki yenyewe hainishibishi. Jana nilisimama juu ya masanduku na ndoo ya maji ya kisima. Ningemwaga kutwa nzima, siku chache tu yote yangekauka. Nikalikumbuka lile jua bila kofia, nikaiweka ndoo chini. Niite mwoga, nastahili.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu, na umwambie fundi baiskeli kama yeye asithubutu kumsikiliza wakala yeyote. Mjomba wa Usagara, yule aliyesimamia matuta yetu kwa fimbo tulipokuwa wadogo, mpe shikamoo na umwambie matuta yake huku ni makaburi. Mtoto mbusu shavuni. Jirani anayemshika mama mkono kwenda kanisani, mshukuru sana, kwa maana hiyo ilikuwa kazi yangu.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa kimefungwa fundo. Ni kunde za mavuno ya kwanza, nimechagua zilizojaa. Barua hii usimsomee mama, wala usimtungie uongo kwamba nakuja mwezi ujao. Mwekee kunde kiganjani, kisha ukae karibu naye. Hata akiwa haoni tena, vidole vyake vitazijua.

Kaka yako,
Maduhu