Tanuru Lililowaka bila Magogo ya Mlimani

Jumamosi, mwishoni mwa Septemba 1981

Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa ziwa, lakini mvua imegoma kushuka. Mikono yangu inanuka moshi na sitaki kuinawa.

Leo tumefungua tanuru.

Niandike tangu mwanzo, maana furaha inanivuruga. Kijiji chetu hapa Geita kinajenga darasa, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni baba yangu mzazi. Mwezi uliopita kamati iliamua kuburuta magogo yote yaliyoanguka katika msitu wa mlimani, yakachome matofali. Mimi ndiye bibi miti, afisa misitu wa kata. Nilisimama mkutanoni nikasema hapana.

Kumpinga baba mbele ya watu walionibeba mgongoni!

"Gogo limeshakufa, linamfaa nani?" aliuliza.

Niliwaomba tupande mlimani. Huko juu nikageuza gogo kuukuu lililooza. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, mbichi, na miche midogo imejishika ubavuni mwa gogo, wakati huku kwetu bondeni ni vumbi tupu. Nikawaeleza nilivyofundishwa chuoni: mti ukiwa hai huvuta hewa na kuweka kaboni mwilini, ile ile inayoufanya mkaa uwe mweusi. Ukiuchoma, karibu yote inarudi angani mara moja. Ukiuacha uoze, inarudi polepole kwa miaka mingi, na sehemu yake hubaki udongoni. Udongo wa namna hiyo ndio unaoshika maji.

Jirani yetu Mama Kulwa alichota konzi moja ya udongo ule, akaufinya. Maji yakamchuruzika kiganjani.

"Kumbe kisima chetu kinaanzia humu," akasema.

Baba alinigeukia. "Na watoto waendelee kusomea juani?"

Lilikuwa swali la haki, na nililitegemea. Nikamkumbusha kwamba kila mwaka tukishavuna pamba tunang'oa miti yake na kuichoma shambani ili kuua wadudu. Moto unapotea bure. Kwa nini usichome matofali? Tuongezee pumba za mpunga.

"Tutajaribu," baba akasema. "Matofali yakitoka mabichi, magogo yatashuka."

Tukaliwasha tanuru kwa miti ya pamba na pumba. Kijiji kizima kilikuwa kimefyatua matofali yale. Yangeharibika, ningewatazamaje?

Leo baba alibomoa mlango wa tanuru kwa mkono wake. Hakuchukua tofali la pembeni. Aliingia hadi katikati, mahali ambapo moto huwa unashindwa, akatoa moja, akalipasua kwa nyundo.

Jekundu mpaka ndani.

Akagonga mengine mawili, yakalia kama kengele. Akina mama wakapiga vigelegele, Mama Kulwa akanikumbatia na masizi yake yote. Baba hakunisifu. Sikutegemea anisifu, simjui hivyo. Alijifuta jasho, akamgeukia fundi mwashi.

"Huyu ni binti yangu," akasema, kwa sauti iliyofika barabarani.

Fundi ananijua. Tumepanga naye tanuru lile tangu tofali la kwanza.

Baba alimwambia hata hivyo.

Sasa mimi usingizi nitaupata wapi?