Bakteria Walioonewa Huruma

Shikamoo Mama,

Huku Rau mvua haikatiki, nami situlii. Wale bakteria wangu wa kutengeneza plastiki inayooza nilikuwa nawapa sukari ya ndizi tu, maana wakinyimwa chakula kingine ndipo wanapojaza plastiki mwilini. Jana nikamwambia bibi mwenye nyumba kwamba wanashinda njaa. Leo nimekuta chupa zote zina maziwa! "Kwangu hakuna anayelala na njaa," akasema. Nikafoka, nikatoka nje. Niliporudi, alikuwa mlangoni ameshika jani la sale. Wachagga huombea msamaha kwa jani hilo, na halikataliwi. Nikalipokea kwa aibu. Sasa naanza upya, naye kila saa anachungulia, anauliza kama wamekula.

Na wewe, Mama, umekula?

Mwanao, Rehema