Maili Sita kwa Galoni

Goshen, Indiana
12 Oktoba 1984

Baba mpendwa,

Kabla ya salamu nakusihi: barua hii isome peke yako, na ukimaliza ichome. Bwana Strand, mwenye gereji, ametukataza makarani kuzungumza na wateja kuhusu magari yao, hata kama mteja ni baba. Juzi alimfukuza mwenzangu kwa kosa dogo kuliko hili.

Hamjambo huko? Mimi mzima, ila usingizi haba. Ukurasa wa daftari lako la petroli nimeupata. Kweli mambo si mazuri: majira ya kuchipua mlipata maili tisa kwa galoni, Agosti saba na nusu, sasa sita. Gari-nyumba la miaka kumi na mitatu linakunywa, lakini si hivyo.

Pima upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata joto. Ukisimama baada ya safari, gusa kila gurudumu. Lenye moto kuliko mengine, breki yake inashika. Kisha fungua plagi. Zikiwa na masizi, injini inapata petroli nyingi kuliko inayoweza kuunguza, basi kaangalie choki, kile kilango cha hewa cha kabureta, kama inafunguka.

Je, mfuniko wa injini, ule ulio kati ya viti vyenu, mmeufungua tangu mtoke hapa kwetu? Nauliza tu.

Msalimu Mama.

Mwanao,
Corinne

*

Tucumcari, New Mexico
17 Oktoba 1984

Karani wangu mwoga,

Salamu nyingi. Barua nimeichoma kwenye jiko la kambi, na mama yako kanitazama kama ninaficha mwanamke.

Magurudumu yote ni baridi. Plagi nyeusi tititi, na choki imeganda nusu, inakataa kufunguka. Nimeisafisha, nimeilegeza, sasa inacheza. Tutaona barabarani.

Mimi nina nguvu. Mama yako kichwa kinamgonga tukiwa safarini. Tukipiga kambi kinapoa. Kwa baridi hii tunafunga madirisha yote, naye anafuma, miguu kaiweka juu ya huo mfuniko wako wa injini. Anasema ndilo jiko pekee nililomwachia. Halafu analala. Nikamwambia, "Lavonne, nilikuoa unisomee ramani, si uwe mzigo." Akajibu bila kufumbua macho, "Basi mzigo ndio unaokunywa petroli yako, mzee. Andika kwenye daftari."

Mfuniko hatujaufungua. Mbona unauliza?

Jibu kwa posta ya Gallup, kaunta ya barua za wasafiri. Tutapita huko wiki ijayo. Kwa maili sita hatuna budi kusimama pale kujaza tangi.

Baba yako

*

Goshen
20 Oktoba 1984

Baba,

Naruka salamu, unisamehe. MSIWASHE HILO GARI.

Nimemsomea fundi Wendell ulivyoandika kuhusu kichwa cha Mama. Akasema, "Mwambie mzee wako azime injini. Leo."

Mlipoleta gari Septemba, aliona gasketi ya bomba la moshi imeanza kuungua pale linapoungana na injini, na mpira unaoziba ukingo wa mfuniko umekatika. Vipuri havikuwepo. Bwana Strand akasema mna haraka ya safari, gari litoke. Wendell akaufunga mfuniko bila mpira. Karatasi ya ukaguzi ikaletwa mezani kwangu tupu. Nikauliza. Nikaambiwa, "Wewe kazi yako ni kutia tiki." Nikatia tiki zote.

Baba, moshi wa injini unaingia ndani mnamokaa. Hauonekani, na wenye sumu hauna harufu. Choki iliuzidisha tu. Kuitengeneza hakutoshi. Fungueni madirisha, mwiteni fundi hapohapo Gallup.

Corinne

*

Flagstaff, Arizona
28 Oktoba 1984

Corinne,

Sina salamu. Mama yako amefariki siku ya Alhamisi.

Gari lilikuwa limerudi kwenye maili nane na nusu kwa galoni. Tulifika Gallup tangi bado lina zaidi ya nusu. Nikamwambia, "Mtoto katuponya, tunapita." Akasema, "Simama, mzee, kuna barua yake." Nikasema barua itatufuata.

Baada ya Holbrook alilala. Nilizima redio asiamke. Niliendesha maili tisini hivyo, mimi mwenyewe kichwa kizito, nikidhani ni mwinuko wa nchi.

Fundi wa hapa ameufungua mfuniko. Akaniuliza mpira wake uko wapi. Nikamwonyesha karatasi yenu: "Mfuniko na mpira wake: vizuri." Tiki ni ya mkono wako. Naujua mkono wako tangu unajifunza kuandika.

Nimewaomba watu wa Gallup wanitumie hiyo barua. Nataka kujua ulikuwa unajua nini ulipoandika "nauliza tu."

Orval Teeter

*

Goshen
3 Novemba 1984

Baba,

Sijui kama bado nina haki ya kukuita hivyo.

Nilijua mpira haupo. Sikujua unaua. Ile tarehe ishirini nilipojua, nilishika simu ya ofisini mara mbili niwapigie polisi wa barabarani wawasimamishe. Mara zote mbili Bwana Strand alikuwa amesimama mlangoni. Nikachagua barua, kwa sababu barua inaweza kuchomwa.

Hii usiichome. Mpe polisi, mpe wakili, mpe yeyote. Nakala ya karatasi ya ukaguzi nimeiweka humu. Niliichukua kabatini jana, siku yangu ya mwisho kazini. Wendell amekubali kusema aliyoyaona.

Usiandike tena kwa anwani ya ofisi. Nimepanga chumba juu ya duka la dobi la mtaa wa Fifth, upande wa reli. Andika jina langu, chumba namba tatu. Simu iko chini kwa mwenye nyumba, Bibi Yoder. Ataniita saa yoyote kabla ya saa tatu usiku. Ukisikia hajibu, acha iendelee kulia, husikia kwa shida.

Kama hutaki sauti yangu wala maneno yangu, chana ukurasa mmoja wa daftari, wenye tarehe na maili tu, uutie kwenye bahasha. Kwa muhuri wa posta nitajua uko wapi.

Corinne