Saa ya Mama Iliyoning'inia Kichwa Chini

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu Mama alinifundisha adabu, siyo kwa sababu hasira zangu zimeisha. Hazijaisha. Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike, matanga tumeyamaliza, nimesharudi Mwanza, Buzuruga, kwenye cherehani yangu, na bado nikikukumbuka nauma meno. Watu wananiambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa, sikusemi. Nakuandikia.

Nikupe habari kwanza, maana ulipenda habari. Tulikuvusha na meli kwenda Bukoba. Wewe karani wa bandari, uliyeandika mizigo ya watu maisha yako yote, safari hii ukaandikwa wewe. Tukakuzika kibanjani, shambani kwa ukoo, kando ya Mama, kwenye ile migomba uliyokuwa huipalilii. Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa, kaka Deo akakalishwa kwenye kiti chako, akavishwa kanzu yako, akapewa mkuki. Usiwe na wasiwasi na mrithi wako. Tayari ameanza kukohoa kabla ya kuongea, kama wewe.

Kisha Baba mdogo Rwiza akazimwaga saa zako kwenye mkeka. Kila mtoto achague za kumkumbukia baba, zitakazobaki ni za mrithi. Utaratibu wetu unaujua, wavulana kwanza, msichana mwisho. Deo akachukua ile ya dhahabu ambayo siyo dhahabu. Fausti akachukua ile nene ya wapiga mbizi. Zamu yangu ilipofika zilikuwa bado nzuri nyingi tu, na mimi nikanyoosha kidole kwenye lile kopo la biskuti lenye saa zako ndogo. Watu wakaangua kicheko, msibani. Baba mdogo akasema, "Kemi, hizo za manesi? Beba kopo zima, mwanangu, nani atazivaa?" Nikabeba kopo zima.

Hilo kopo ndilo linalonifanya nikuandikie. Lakini ngoja kwanza nikukumbushe ulivyokuwa, maana mtu akishakufa watu wanamsafisha mno. Kanisani wamesema ulikuwa mtu wa kiasi. Nilitaka kucheka.

Saa yako ya kwanza ninayoikumbuka ni hiyo ya Deo. Mkanda wake uliuacha mlegevu makusudi, iteremke mpaka kiganjani, ilie ukitembea. Ulikuwa unanyoosha mkono wote hewani kabla ya kuitazama, hata padri akiwa katikati ya mahubiri. Ukaja ukaichoka, ukasema ni ya washamba. Ikaja ya namba, ya vibonye, inalia pii kila saa kamili, na ulipoulizwa saa ngapi ulitaja mpaka sekunde. Nayo ukasema ni ya watoto. Ikaja hiyo ya wapiga mbizi, inayostahimili maji mita mia mbili, imevaliwa na mtu aliyekuwa anaogopa hata kunawa miguu ziwani. Majirani zetu wa Butimba walikuita nshomile, Mhaya wa majivuno, na wewe ukachekelea, ukadhani wanakusifu.

Mwisho ukagundua zile zinazojijaza zenyewe ukitikisa mkono. Hapo ndipo ulipotuharibikia kabisa. Ukanunua lenzi ya jichoni. Ukaanza kusema saa ya betri haina roho. Mezani ulikuwa unatusomea habari za magurudumu na springi, chakula kinapoa, na Mama anakusikiliza, ametoka zamu, miguu imemvimba.

Mama alikuwa na saa moja. Moja tu, Baba. Aliipata alipomaliza chuo cha uuguzi, akaivaa mpaka anakaribia kustaafu. Ya kutia ufunguo, ndogo, ya kubandika kifuani kwa pini, inaning'inia kichwa chini. Wewe ulikuwa unaicheka. Ulisema saa gani hiyo, mtu akikutazama anaiona kinyume. Mama akakujibu, "Haikutengenezwa kwa ajili ya wanaonitazama." Yeye akiinamisha macho aliiona wima, mkono mmoja umeshika kifundo cha mgonjwa, anahesabu mapigo. Watoto wa nusu ya Butimba walihesabiwa mapigo na saa ile.

Halafu ikasimama kidogo, akaipeleka kwa fundi Sospeter, pale kwenye meza yake Makoroboi, ikasafishwe. Nawe ukapita hapo. Ulikuwa unaitaka saa ya mfanyabiashara mmoja wa Kirumba, inayojijaza yenyewe, yenye kioo mpaka mgongoni uone magurudumu yakizunguka. Ukampa saa zako mbili, akasema hazitoshi. Ukamwambia Sospeter, "Nipe ya mama Deo, nampelekea." Ukampelekea mfanyabiashara. Saa ya mkeo ukaifanya nyongeza.

Mama alipokwenda kuichukua, Sospeter alishindwa kumtazama usoni. Nilikuwa naye. Alirudi nyumbani, akapika ndizi, akakupakulia. Wewe ndiye uliyesema, "Mama Deo, ile ilikuwa ya kizamani, nitakutafutia ya kisasa." Hukumtafutia. Kesho yake alikwenda kazini akahesabu mapigo ya watu kwa saa ya ukutani, iliyokuwa nyuma yake, anapinda shingo kila mgonjwa. Nilimwona kwa macho yangu. Wewe ulikuwa nyumbani, umeweka saa mpya sikioni, unatabasamu peke yako.

Sasa nakwambia jambo ambalo hukulijua. Saa ya Mama ninayo mimi.

Nilikwenda Kirumba wiki ile ile. Niliikuta kwenye kabati la kioo, katikati ya simu zilizotumika. Nikavua yangu mkononi, ile uliyonipa nilipomaliza kidato cha nne, nikamwambia yule mfanyabiashara tubadilishane. Hakubisha hata kidogo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefunga duka na kuhama. Ulipokuja kuuliza yangu iko wapi nikasema imenidondoka stendi ya Buzuruga, ukaniita mzembe mbele ya wageni. Uzembe ule ulikuwa wako, nikaubeba mimi.

Nilimpelekea Mama. Akaitia ufunguo, akaiweka sikioni, akafumba macho kidogo. Kisha akanirudishia. Alisema, "Kaa nayo. Siku baba yako akiuliza saa yangu iko wapi, mpe. Asipouliza, usimwambie." Hivyo tu. Unajua Mama alivyokuwa, akishasema amesema.

Miaka miwili alikaa baada ya hapo, nikawa nasubiri. Hukuuliza. Alipougua, hukuuliza. Tulipomzika ulikuja na saa mbili kwenye begi, moja ya safarini na moja ya kaburini, na hukuuliza. Siku ile nilikuchukia, Baba, wacha niseme wazi. Nilisimama kwenye udongo wa kaburi lake nikiangalia mkono wako.

Baada ya Mama, ukageuka. Zile kubwa ukazitupa droo ya chini. Ukaanza kupenda ndogo, za kutia ufunguo, zenye uso mweupe usio na mambo mengi. Kisha ndogo zaidi, za kike. Kisha za manesi. Ukawa unasafiri, mzee mzima na fimbo yako, mara Musoma, mara Nansio, unabisha hodi kwa wauguzi wastaafu kuulizia saa za kifuani. Ukoo mzima ukacheka. Deo akasema mzee amerudi utotoni. Mimi nilicheka kuwashinda wote, nikasema safari hii ladha yako imehamia kwenye sketi.

Sikujua. Mwanzoni sikujua.

Ila kuna Jumapili moja, baada ya misa, nilikuja kukupikia. Ulikuwa mezani na saa ya nesi uliyoitoa Musoma. Ukachukua kisu chako kidogo, ukabandua kifuniko cha nyuma, ukaweka lenzi jichoni. Mtu mwingine angedhani unatazama magurudumu. Hukutazama magurudumu. Uligeuza kifuniko, ukatazama ndani yake, upande usioonekana. Na mimi nilikaa nawe utotoni kwenye benchi la Sospeter, najua kinachowekwa pale. Kila saa aliyoifungua aliichora kwa sindano ndani ya kifuniko, herufi S, na mstari mmoja kwa kila mara aliyoifungua, asije akasingiziwa kwamba amebadilisha vyuma. Ya Mama ina S na mistari minne. Ulitazama kifuniko, ukakifunga taratibu, ukasema peke yako, "Siyo."

Nilielewa hapo hapo. Na saa ya Mama ilikuwa kwenye mkoba wangu, mkoba uko kwenye kiti, kiti kimegusana na chako. Ningenyoosha mkono tu.

Nikasema, "Chai inapoa, Baba."

Ndivyo nilivyosema. Nilijiambia natii maneno ya Mama, hujauliza, sikwambii. Uongo. Nilikuwa nakukomoa, na nilifurahi. Nilikunywesha chai huku moyo unaniambia bado, mwache atafute, na yeye apinde shingo. Nilirudi Buzuruga nikashona sare za shule huku naimba. Ilikuwa mwaka jana. Nilidhani una muda.

Sasa kopo. Nilipofika nalo nyumbani nililifungua kitandani. Mna saa za nesi tisa, kila moja imefungwa kwenye kikaratasi, mwandiko wako wa bandarini, ule wa kuandikia mizigo. "Siyo. Musoma." "Siyo. Nansio, nesi mstaafu, mgonjwa wa miguu, alinipa ndizi." "Siyo. Alama ya fundi mwingine." Moja umeandika, "Siyo. Nilidhani ndiyo." Hiyo nilishindwa kuikunja tena. Ipo hapa mezani, imelala wazi, inanitazama.

Nikaichukua ya Mama, nikampelekea Sospeter aisafishe. Amezeeka, anashikilia mkono mmoja kwa mwingine ili usitetemeke. Akabandua kifuniko, akaona S na mistari yake minne, akakilaza kifuniko mezani. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi. Ananiuliza, saa ya mke wangu haijapita mezani kwako?"

Kila Jumamosi, Baba. Kwa hiyo uliuliza. Swali lile lile alilolingojea Mama. Ulimuuliza fundi, ukawauliza manesi wa Musoma na Nansio, ukazunguka ziwa lote unauliza, ukashindwa kuniuliza mimi niliyekuwa nakupikia kila Jumapili. Kwa nini? Ulikuwa unaniogopa? Ulijua nitakujibu vibaya? Ningekujibu vibaya, ni kweli. Ningekutukana kwanza. Halafu ningefungua mkoba.

Naona nimerudi kukugombeza. Sijui kukulilia, sikufundishwa. Jina ulinipa la amani, Kemilembe, ukanipa na ulimi wako, na ulimi ndio ulioshinda. Nilichorithi kwako mimi siyo lile kopo. Ni huu ukaidi, watu wawili wamekaa meza moja, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Mama alituweka njia panda akaenda zake, na yeye nitamwandikia barua yake, asidhani amepona.

Sijakusamehe shingo ya Mama na ile saa ya ukutani. Labda nitakusamehe, labda sitakusamehe. Na ile Jumapili ya chai, wewe nisamehe au usinisamehe, ni haki yako. Sikuombi haraka.

Ila nakuahidi hili. Sospeter amechora mstari wa tano. Saa inatembea. Naitia ufunguo kila asubuhi kabla sijakaa kwenye cherehani, nimeibandika kifuani kwa pini yake ile ile, wateja wananiuliza dada siku hizi umekuwa nesi. Za kwako tisa nimewaandikia barua wenyewe, wale niliopata majina yao, nione nani anataka yake irudi. Ya "Nilidhani ndiyo" sirudishi.

Krismasi nitapanda meli nije kibanjani. Nitapalilia, maana Deo hatapalilia, huyo ni wewe mtupu. Nikimaliza nitasimama kati yako na Mama, saa iko kifuani. Sitaiacha hapo, usitegemee, nitarudi nayo Mwanza. Lakini nitaibandua kifuniko nikuonyeshe ndani, S na mistari mitano.

Na safari hii sitangoja uniulize. Nitakwambia mwenyewe, Baba. Ndiyo.

Mwanao mkaidi,
Kemilembe