Begi la Kiti cha Mbele

4 Februari

Mkwe wangu,

Salamu zitangulie. U mzima? Mimi miguu imekwisha, pumzi ndiyo inayofuata. Daktari ameacha kunidanganya. Mume wako ndiye anayeniogesha na kunilisha. Hajambo, kama mtu asiyecheka anaweza kuitwa hajambo.

Tangu wakufunge sijakuandikia, wala sitajifanya nilikupenda. Lakini jambo hili siwezi kuzikwa nalo. Asubuhi ile uliponipeleka hospitali, begi la mjukuu wangu Sisimizi lilikuwa kwenye kiti cha mbele, pale ulipoliweka kila siku ili usishuke ukamsahau. Ulikuwa ndani unatafuta funguo. Magoti yananiuma, nataka kukaa kwa nafasi. Nikalitupia kwenye buti la gari. Ulitoka mbio, tumechelewa, hata hukutazama. Mwenyewe alikuwa amelala kiti cha nyuma. Nikakwambia usiwashe redio.

Mahakamani waliposema ulilificha begi kwa makusudi, niliulizwa. Nikajibu sikuliona. Mimi, mwalimu mkuu, niliyechapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Nisamehe nife.

Mama mkwe wako

21 Februari

Mama mkwe,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu nililelewa.

Afya yangu unaiulizia nini? Jua likipiga bati la humu naamka nikidhani niko ndani ya gari.

Barua za wafungwa husomwa kwanza na askari. Mwalimu mkuu mzima hukulijua hilo? Aliyeisoma yako aliniletea mwenyewe, akashindwa kunitazama.

Nilisema begi nililiweka mbele. Nilisema, muulizeni mama mkwe, hadi sauti ikanikauka. Siku ile walipoonyesha picha ya buti, mwanao aliniuliza, "Kwa nini ulilificha?" Hajaja kunitazama tena. Leo unaomba msamaha kama anayeomba chumvi kwa jirani! Sina. Mwite wakili wangu wa rufaa uape. Na mwanao mwambie kwa mdomo wako.

Mkweo, kwa bahati mbaya

2 Machi

Mkwe wangu,

Hujambo? Matusi yako yamefika salama, hata moja halikupotea njiani.

Kuapa nitaapa. Lakini wakili ayaweke maneno yangu hadi nizikwe. Mwanangu akijua, nani atanigeuza kitandani? Wewe bado kijana, miezi michache haitakuua.

Na tusifichane: mimi nilisogeza begi. Wewe ulisahau mtoto.

Mama mkwe wako

9 Machi

Mama mkwe,

Hali sikuulizi.

Ndiyo, nilimsahau. Nilikushusha hospitali, nikaegesha nyuma ya duka la dawa nilikofanya kazi, nikafunga milango naye ndani, nikawauzia wazazi wenzangu dawa za homa za watoto wao hadi mchana. Sijawahi kulikana hilo, na hata wakinifungulia kesho sitatoka ndani yake.

Lakini hawakunifunga kwa kusahau. Walisema nilitaka afe. Mwanao anaamini nilitaka afe. La kwangu ninalibeba. La kwako ulinitwika mimi, ukaenda zako kuoga na kula.

Unataka uape leo, usikike ukishakufa? Aibu uwaachie watakaokuzika, siyo? Wewe mwoga.

Mama Sisimizi

28 Machi

Mama Sisimizi,

Hujambo? Mimi bado nipo, kidogo.

Nilimwambia Jumatano, supu ikiwa nusu. Aliweka kijiko chini, akatoka. Jioni alirudi, akanigeuza kitandani kama kawaida.

Leo amenipeleka kwa wakili. Gari ni lile lile. Hakuna aliyetaka kulinunua. Nilinyoosha mkono kwenye mlango wa mbele, akanifungulia wa nyuma. Nikakaa pale pale alipokuwa akikaa mjukuu wangu. Akaegesha juani, akafunga, akaenda kumwita wakili, maana ngazi siziwezi. Vioo vilikuwa juu. Sikugonga. Niliona kwamba hapo ndipo pangu.

Hakufika hata kwenye ngazi. Aligeuka, akarudi mbio, kiatu kimoja kikamtoka, akafungua milango yote minne. Akasimama anahema. "Mama," akasema, na hakumalizia.

Nimeapa, nimekaa vivyo hivyo garini, milango wazi: begi, buti, na uongo wangu. Wakili anayapeleka maneno yangu kwenye rufaa yako, hayangoji kaburi langu.

Mwanangu amemuuliza siku za kutembelea wafungwa. Mimi sikuuliza kitu.

Bibi yake