Mapigo ya Begani

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Mimi Zawadi wako ninakuamkia kutoka huku mto unakoteremkia. Niko mzima, ninakula vizuri, hata sketi zimeanza kunilalamikia. Wewe je? Goti linakuacha ulale? Mama bado anakuficha chumvi? Na paa la jiko mmelipigilia, au mnangoja mvua iingie kwenye sufuria ya pondu tena ndipo mkumbuke? Nijibu yote kwa mkono wako mwenyewe, maana mwandiko wa Mama mimi siusomi.

Simu nimeiacha makusudi. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka jirani akaja kuniuliza kama tumefiwa, na wewe huko ulikuwa unajibu "ndiyo, ndiyo" wakati mimi ninauliza "lini". Barua haihitaji masikio. Donc soma polepole, kuna jambo humu.

Mama aliniambia. Aliniambia kwamba Jumapili ile wimbo uliisha na wewe ukaendelea kupiga gitaa, watoto wakacheka, na ulipofika nyumbani ukaitundika nyuma ya mlango. Kwamba siku hizi unakaa benchi la mwisho kanisani kama mgeni, sikukuu ya paruasi, ya parokia nzima, inakaribia, na kwaya inatafuta mtu mwingine wa kushika nafasi yako. Papa, niliumia sana. Nililia pale pale kwenye mizani, kazini, uwanja wa ndege wa Bangboka, huku ninapima mizigo ya abiria. Baba mmoja akadhani ninalia kwa ajili ya uzito wa sanduku lake. Akalifungua, akatoa viatu akavitundika shingoni, akaniambia, "Bon, mama, sasa unyamaze."

Basi nikaamua nikutafutie metronomu. Unaikumbuka ile ya mbao ya masista, yenye mkono unaokwenda huku na huku ikikushikia mwendo wa wimbo? Siku hizi ni kidude cha umeme kinachoingia mfukoni. Ndiyo, simu nayo inaweza kufanya kazi hiyo, lakini simu yako Mama ndiye anayekaa nayo, na mtu akipiga katikati ya wimbo mapigo yanakatika. Nikazunguka maduka ya redio na simu karibu na soko. Katika duka moja muuzaji akanitolea kitu chenye vumbi, akasema, "Mama, hii iko ya kupima pressure. Ishike mu mukono." Nikabonyeza, ikaanza kulia tik, tik, tik. Akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. "Alors, pressure yako iko muzuri," akasema. Alikuwa na metronomu za aina tatu na hakujua hata moja ni ya nini.

Sasa sikia akili yangu. Nilijiambia: Papa hasikii vizuri, kwa hiyo nimchukulie ile yenye kelele kuliko zote. Nikarudi nyumbani nayo nikijisifu. Tonton Hamadi, mdogo wako, alikaa nayo jioni nzima akiigeuza geuza, akaniambia ina kelele ya kuamsha maiti, lakini Papa si maiti. Nikamwona ana wivu tu.

Jumamosi nikaipeleka kwenye mazoezi ya kwaya yetu ya huku, ninapopiga bass, nione inavyofanya kazi. Tatizo la kwanza likaja kwenye wimbo wa matoleo. Kidude kilijua kuhesabu nne tu, kama askari wa gwaride. Wimbo wetu unakwenda sita, wamama wanaucheza kutoka mlangoni mpaka kapuni, kwa hiyo mguu mmoja ukawa na kidude na mwingine ukawa na Mungu. Tulipokuwa tunabishana, mvua ikaanza. Unaijua mvua ya huku, na kanisa letu ni la mabati. Kidude kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote na hakuna aliyekisikia. Sauti za juu zikakimbia mbele, wanaume wakabaki nyuma, mimi nikapotea kati yao.

Papa, wote tulikuwa tumekuwa kama wewe, na hakuna aliyetucheka.

Mtu mmoja tu hakupotea, mpiga ngoma wetu. Alikuwa amefumba macho, ngoma ameibana na tumbo. Mvua ilipopungua nikamuuliza aliwezaje. Akaniambia, "Mi siko nasikia na masikio. Niko nasikia na tumbo." Wenzake wakamtania kwamba tumbo lake hilo linasikia harufu ya samaki toka ng'ambo ya mto. Mimi sikucheka. Niliona nimenunua kitu kwa ajili ya masikio yako, na masikio yako ndiyo hasa yaliyokataa.

Jumatatu nikarudi dukani. Ile ya pili ilikuwa ya taa, inawaka na kuzima kila pigo, nikaikataa, maana wewe ukipiga gitaa unafumba macho. Muuzaji hakutaka hata kunionyesha ya tatu. Ni ya duara, ndogo kama biskuti, ina kishikizo cha kubana nguo. "Hii iko imekufa," akasema, "haiseme kitu. Inatetemeka tu." Nikamwambia ailete. Akanibana nayo kwenye blauzi, begani, akaiwasha.

Nikageuka, Papa. Niligeuka kabisa nione ni nani ananigusa, na nyuma yangu hapakuwa na mtu, ni ukuta tu na redio za kuuza. Lilikuwa ni lile bega la kushoto. Ulikuwa unanikalisha mbele yako kwenye benchi la kwaya, miguu yangu haijafika chini, na nikianza kuukimbiza wimbo unanigonga hapo kwa kidole, polepole, mpaka nirudi. Hukuwahi kunigombeza mbele ya watu. Nikasimama katikati ya duka ninacheka na kulia kwa pamoja, na muuzaji akaniangalia kwa huruma. "Mama," akasema, "sasa hiyo iko pressure."

Imenunuliwa. Sita inaijua, nimeijaribu mwenyewe. Unaichaji kama simu. Ibane begani, kisha iguse usoni pake kwa kidole mara chache kwa mwendo unaoutaka, nayo itaushika na kukurudishia. Lakini sikia vizuri: haiwezi kuifuata kwaya. Kwa hiyo kwaya ndiyo itakufuata wewe. Mdogo wangu Amisi aweke ngoma yake upande wa mguu wako wa kulia na auangalie mguu huo, asiangalie wasichana. Na Mama, kwa kuwa anaimba mstari wa mbele, atainua mkono wimbo ukifika mwisho; ubeti wa mwisho macho uyafumbue. Nimeshamwandikia kwenye simu. Amekubali kabla hajamaliza kusoma.

Anayekuletea ni Mwamini, jirani yangu muuza nguo. Anapanda treni mpaka Ubundu, kisha boti mpaka kwenu Kindu. Nilikifunga ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko wa mchele, akaja kunirudishia mzigo uso umembadilika, akaniuliza kama ninamtumia Papa panya. Nilikuwa nimesahau kukizima.

Nisalimie Mama, mwambie sketi anishonee pana kidogo. Nisalimie Amisi, na koko, bibi yetu pale uani, mwambie tonton Hamadi hajaoa bado, lakini amenunua pasi. Msalimie na padri, umwambie asimtafute mtu mwingine.

Kazini wamenipa ruhusa kwa ajili ya sikukuu. Nitafika, na nikiikuta gitaa nyuma ya mlango nitarudi bila kula. Nitakaa nyuma yako, Papa. Betri ikiisha, kidole ninacho.

Mimi mtoto wako,
Zawadi