Kichupa cha Sungura wa Kwanza

Somo yangu,

Wamempa mtu kiti chako. Naye ni Zainabu, kama wewe, kama mimi. Siku ya kwanza tu, alipolisikia jina langu, akacheka akaniita somo. Nikaitika "Abee" huku roho inaniuma. Jina hili tumepewa wengi, lakini somo nilikuwa naye mmoja, na tulimzika Msimbati.

Kwenye friji ya maabara kilibaki kichupa chako cha kingamwili iliyotolewa katika damu ya sungura, ile inayotia rangi ikatuonyesha vipokezi vya histamini katika ngozi za akina mama wanaobangua korosho na kuwashwa mikono. Mama yako aliwahi kuuliza kazi yetu hasa ni nini. Ukamwambia, "Histamini ndiyo inayomwasha mtu, mama. Sisi tunatafuta mlango inakopiga hodi." Akataka kujua kama tumeshauona, tunangoja nini kuufunga. Nilikuonea wivu hata siku ile, kwa ulivyojua kusema na watu.

Sasa kimeletwa kichupa kipya. Jina lilelile, sungura mwingine. Zainabu akaomba matone yako ya mwisho ayapime pamoja na haya mapya. Nikamwambia yamekwisha. Uongo, somo. Nilikuwa nimekificha nyuma ya vichupa vingine, sikutaka mkono wake ukiguse.

Hakubisha. Aliuliza tu, kwa adabu, ngozi za wale akina mama tutazisomaje basi, nusu zimeshapimwa kwa sungura mmoja na nusu zipimwe kwa mwingine. Jibu lilikuwa lako: "Sungura mpya haaminiwi kwa jina." Nikaenda kukitoa.

Tulipochungulia vipande vya ngozi kwenye hadubini, rangi ilikuwa imeshika palepale, ila yake imepauka kuliko yako. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kisha akazidisha matone ya kile kichupa kipya, rangi ikakolea, na furaha yangu ikaishia hapo. Anaijua kazi, msichana huyu. Laiti asingeijua.

Kichupa chako sasa ni kitupu, nimekiweka mkobani. Nakuahidi akina mama wale watapata majibu yao, na huyu nitamwonyesha kila ulichonionyesha. Akiniita somo nitaitika, sina la kufanya. Lakini mimi namwita Zainabu.

Pumzika, somo.

Zainabu wako